Je, matokeo mema yanaweza kulisafisha tendo ovu?

Ndugu wachangiaji,

Swali lililowekwa mbele yetu ni kama kumwua mtu asiye na hatia kunaweza kuwa halali pale kunapookoa maisha ya watu wengi zaidi. Mwenzetu aliyetangulia amejibu kwamba kunaweza, kwa sababu maadili yasiyojali idadi ya waliookoka ni maneno matupu. Aliyemfuata amejibu kwamba hakuwezi kamwe, na kwamba wajibu haupimwi kwa hesabu. Mimi nasimama karibu na huyu wa pili, lakini hoja alizozitoa hazinitoshi, na naona tumekwama kwa kuwa tunazibishania nadharia bila kulitazama tendo lenyewe.

Naomba tuchukue kesi moja ya kweli, kwa maana katika mifano ya kubuni kila mmoja hujiongezea anachokitaka. Mwaka 1884 chombo cha matanga kiitwacho Mignonette, kikitoka Uingereza kwenda Australia, kilizama katika Atlantiki ya kusini, zaidi ya maili 1,000 kutoka Rasi ya Tumaini Jema. Watu 4 walibaki ndani ya mashua ndogo iliyo wazi: nahodha Tom Dudley, msaidizi wake Edwin Stephens, baharia Edmund Brooks, na kijana yatima wa miaka 17, Richard Parker. Walikuwa na makopo 2 ya mboga, na baadaye walimkamata kasa mmoja. Kufikia siku ya 20, wakiwa wamekaa siku nyingi bila chakula wala maji, Dudley, kwa kukubaliana na Stephens, alimwua kwa kisu Parker aliyekuwa amelala hoi kwa ugonjwa, na wote 3 waliobaki wakala nyama yake. Siku ya 4 baada ya hapo meli iliyokuwa ikipita iliwaokoa. Dudley na Stephens walishtakiwa kwa mauaji huko Uingereza, na wazee wa baraza waliosikiliza kesi walikubali kwamba huenda watu hao wasingefika siku ya kuokolewa kama wasingekula, na kwamba kijana yule, kwa jinsi alivyodhoofika, huenda angetangulia kufa.

Mtu akiisoma habari hii kwa macho ya Jeremy Bentham, mwanafalsafa Mwingereza aliyefundisha mwaka 1789 kwamba tendo jema ni lile linaloelekea kuongeza furaha na kupunguza maumivu ya wote wanaoguswa nalo, hesabu haionekani kuwa ngumu: wamepona 3 badala ya kufa 4. Tusiidharau nadharia hii. Ilizaliwa kwa nia ya kumhesabu kila mtu kuwa mmoja, awe mkubwa au mnyonge, na iliwalazimisha watunga sheria kueleza adhabu zao zinamfaa nani. Wapo wanaoitetea kwa kusema kwamba tupime kanuni badala ya tendo mojamoja, na kwamba kanuni ya kuwaua wanyonge ingeleta hofu kubwa duniani. Nakubali ingeleta hofu. Lakini je, ubaya wa kumwua Parker ni hofu watakayoipata watu wengine watakaposikia habari zake? Naona jibu hilo linampita marehemu na kwenda kuwauliza majirani.

Zaidi ya hayo, tazameni jinsi hesabu yenyewe ilivyofanywa. Kabla ya kuua, Dudley na Stephens walisemezana kwamba wao wana familia. Parker hakuwa na wazazi, hakuulizwa neno lolote, na kura ya kuamua nani afe, iliyokuwa imetajwa, haikupigwa. Jaji Mkuu Coleridge, alipotoa hukumu, aliuliza ni nani atakayekuwa mwamuzi wa dharura ya namna hii, na thamani ya uhai wa mtu mmoja dhidi ya mwingine itapimwa kwa kipimo gani: nguvu, akili, au nini? Swali hilo halijajibiwa na mwenzetu wa kwanza. Anayeshika mizani katika hesabu hii ndiye huyohuyo atakayefaidika nayo, na anayepungukiwa ni yule asiye na nguvu ya kubisha.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, mwaka 1785, alilisema jambo hili kwa uwazi: ubinadamu, ndani yako na ndani ya mwingine, usitumiwe kamwe kama chombo tu. Parker alifanywa chombo kwa maana iliyo kamili kuliko zote. Hata hivyo mwenzetu wa pili anapaswa kukumbuka kwamba Kant huyohuyo, mwaka 1797, alishikilia kwamba si halali kumdanganya hata mwuaji anayebisha hodi akimtafuta rafiki yako aliyejificha ndani. Siwezi kumfuata huko. Wajibu unaotajwa kwa jina tu, uwe wa kutosema uongo au wa kutoua, bila kuchunguzwa ni tendo gani hasa linalofanyika na kwa ajili ya nini, unaweza kutufanya wakatili huku mikono yetu ikionekana safi.

Ndiyo maana narudi nyuma hadi karne ya 13, kwa mwanateolojia Thomas Aquinas, ambaye alitaka tendo litazamwe kwa mambo matatu kwa pamoja: kitu chenyewe kinachotendwa, nia ya mtendaji, na mazingira. Tendo ni jema pale yote yanapokuwa sawa, na kasoro ya mojawapo inatosha kuliharibu. Nia ya Dudley ilikuwa kuishi na kurudi kwa mkewe na watoto wake, na nia hiyo si ovu hata kidogo. Mazingira yake yanatisha, na nani kati yetu anaweza kuapa kwamba angestahimili? Lakini kitu alichokichagua, kwa mkono wake na kwa akili yake, kilikuwa kumwua mtu asiyemtishia. Nia njema haiwezi kukigeuza kitu hicho kikawa kingine, kwa sababu kifo cha Parker ndicho kilichokuwa njia ya kulifikia lengo.

Hapo ndipo ilipo tofauti na daktari anayempa mgonjwa mahututi dawa kali ya kutuliza maumivu, akijua kwamba huenda ikamfupishia siku. Daktari huyo anatafuta nafuu, na mgonjwa akiendelea kuishi, lengo lake halijaharibika. Parker angeendelea kuishi, mpango wa Dudley ungekuwa umeshindwa. Nafahamu kwamba tofauti hii kati ya kukusudia na kutarajia hutumiwa vibaya, kwani mtu anaweza kujisemea moyoni kwamba hakukusudia kile alichokipanga hatua kwa hatua. Basi tusimwulize mtendaji anajisikiaje, tuuulize mpango wake ulihitaji nini ili ufanikiwe.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, naye alizungumzia mabaharia. Alisema hakuna atupaye shehena baharini kwa kupenda, lakini katika dhoruba kila mwenye akili huitupa ili aokoe watu, na tendo hilo ni mchanganyiko wa hiari na kulazimika. Mfano huo unatusaidia kuelewa hali ya Dudley, na unatuonyesha pia mahali alipovuka mpaka, maana Parker hakuwa shehena. Hofu na njaa hupunguza lawama ya mtendaji bila kuligeuza tendo kuwa jema. Mahakama iliona vivyo hivyo: ilikataa kwamba dharura inahalalisha mauaji na ikatoa hukumu ya kifo, kisha adhabu ikapunguzwa na serikali ikawa kifungo cha miezi 6. Wengi huuita uamuzi huo kigeugeu. Mimi nauona kuwa wa haki, kwa sababu ulikataa kuuita uovu wema, na wakati huohuo ulikumbuka kwamba waliotenda walikuwa binadamu walioishiwa nguvu zote.

Linalonisumbua ni Brooks. Yeye hakukubali kuua, ila alikula pamoja na wenzake, akapona kama wao, na mwishoni akawa shahidi wa upande wa mashtaka. Kwa hesabu ya matokeo, tofauti kati yake na Dudley ni ndogo mno. Kwa kipimo ninachokitetea tofauti ni kubwa, kwa kuwa hakulichagua tendo lile. Lakini je, anayepokea faida ya uovu alioupinga, naye hana njia nyingine ya kuishi, ameshiriki au hakushiriki? Nimelifikiria kwa muda mrefu na bado sijaridhika na jibu langu. Ningependa mwenzetu wa pili aanzie hapo.