Meya anayelifokea shirika la maji mbele ya kamera ndiye mwenye shirika. Tumechoka na maigizo

Wakuu salaam,

Kuna igizo limenichosha, na naamini kila anayeishi kwenye mji unaomiliki shirika lake la maji au la umeme amewahi kuliona. Bomba kubwa linapasuka, mitaa inakaa bila maji, watu wanapiga kelele. Meya anafika na msafara na kamera. Amevaa buti za mpira ambazo hazijawahi kugusa tope. Anasimama ukingoni mwa shimo, anawanyooshea wahandisi kidole: "Kufikia kesho asubuhi nataka maji yatoke, sitaki visingizio!" Watu wanapiga makofi, video inazunguka kwenye magrupu. Kesho yake maji hayajatoka, na matusi yote yanaliangukia shirika.

Sasa naomba mtu anieleweshe. Hisa zote za shirika lile ni za mji. Bodi inateuliwa na meya na kuthibitishwa na madiwani. Mkurugenzi mtendaji anaajiriwa na bodi hiyohiyo. Bei ya uniti haipandi wala haishuki bila baraza kuridhia, na bajeti ya mwaka inapita kwenye meza hiyohiyo. Pale shimoni meya anamfokea nani? Ni mwenye nyumba kusimama barabarani akaitukana nyumba yake kwa kuvuja, na sisi wapangaji tunamshangilia!

Nimewahi kubaki kwenye shimo la namna hiyo baada ya kamera kuondoka. Walikuwepo mafundi wawili, maji ya tope yamewafika magotini, wanafunga ufa kwa vipande vya mpira wa tairi na waya. Nikauliza kwa nini wasitumie kile kibano cha chuma cha kuzungushia bomba, ambacho ndicho kifaa cha kazi hiyo. Mkubwa wao akajibu bila hata kuinua kichwa: "Stoo hakuna, bosi. Fomu tumejaza zamani, pesa haijatoka." Shirika linakusanya bili mji mzima kila mwezi, ukichelewa kidogo linakukatia, halafu stoo haina kibano. Hakuna aliyeyafokea hayo mbele ya kamera.

Pesa imekwenda makao makuu ya mji, na ndiyo sababu nimefungua uzi huu.

Wengi wetu tunadhani shirika likiwa mali ya umma basi tunacholipa kinarudi kwenye mabomba na nyaya. Kinarudi kile kinachobaki. Kabla ya hapo mji unachota kwa njia kadhaa. Kuna gawio, kwa kuwa mji ndio mwenye hisa, na hilo ni halali kabisa likiwa na kanuni. Kuna "mchango" wa shughuli maalumu, yaani sherehe, mbio za mwenge wa kila aina, uwanja wa mpira, chochote kilichokosa fungu kwenye bajeti. Na kuna njia ya kimyakimya inayoniudhi kuliko zote: makusanyo ya shirika kuingizwa kwenye akaunti ya pamoja ya mji. Kwenye vitabu pesa ni ya shirika. Ukienda benki pesa yenyewe haipo, imeshalipa mishahara ya idara nyingine.

Atakayesema natunga aangalie Johannesburg. Johannesburg Water ni kampuni ya jiji asilimia mia moja. Makusanyo yake yamekuwa yakifagiwa kwenda akaunti kuu ya jiji, mpaka jiji likawa linadaiwa na kampuni yake lenyewe mabilioni ya randi, wakati matangi yanavuja na vitongoji vizima vinakaa bila maji. Hali imefika mahali Wizara ya Fedha ya Afrika Kusini inayasukuma majiji makubwa yatenge pesa za maji na umeme zisichanganywe na nyingine. Fikiria ugeni wa jambo hilo: serikali kuu inalibembeleza jiji lisikope kwenye mfuko wa bomba lake.

Sisemi mji usipate chochote. Los Angeles shirika lake la maji na umeme hupeleka sehemu ya mapato ya umeme kwenye mfuko mkuu wa jiji, kiwango kinachozungukia 8%, na hiyo ni zaidi ya dola milioni 200 kwa mwaka. Wateja wakaenda mahakamani wakisema hiyo ni kodi iliyofichwa ndani ya bili. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane, lakini angalau walijua kiwango, walijua inakokwenda, na walikuwa na namba ya kubishania. Wananchi wa huko walipiga kura mwaka 2011 kuanzisha ofisi ya kuwatetea walipa bili, yenye wataalamu wa kuchambua kila ombi la kupandisha bei. (Haikuwaokoa na kila kitu. Mfumo mpya wa bili wa 2013 uliwatumia watu madeni ya ajabu, na sakata lake likaishia kwa aliyekuwa meneja mkuu kukiri rushwa na kufungwa. Ila tumejua yote hayo kwa sababu kuna waliokuwa na kazi ya kuchokonoa.) Sisi tuna ofisi gani ya kuchokonoa? Dawati la malalamiko lililo ndani ya shirika lenyewe, dada wa mapokezi anakuandikia namba ya tiketi, basi.

Tuje kwenye bodi, maana hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Chukua orodha ya wajumbe wa bodi ya shirika lolote la mji, halafu chukua orodha ya waliomfanyia meya kampeni. Ziweke sambamba. Utakuta mgombea udiwani aliyeanguka, utakuta mfanyabiashara aliyechangia, utakuta mstaafu anayehitaji posho ya kikao. Mhandisi wa maji labda mmoja, naye wa mapambo. Bodi kama hiyo ikiletewa barua kutoka juu kwamba robo hii mtoe kiasi fulani, itauliza swali gani? Na ajaye kuuliza anajua uteuzi wake unafutwa kwa barua ya aya moja.

Bodi yenye watu huru haimkomeshi meya moja kwa moja, ila inamwekea gharama. Kampuni ya EPM ya Medellín, Kolombia, ni mali ya manispaa tangu 1955. Inauza umeme, maji na gesi, na sehemu kubwa ya faida yake inakwenda kwenye shule na barabara za mji. Ilijijengea utaratibu kwamba meya ndiye mwenyekiti wa bodi lakini maamuzi makubwa yanapitia wajumbe. Agosti 2020 meya akaanzisha madai makubwa dhidi ya makandarasi wa bwawa la Hidroituango bila bodi kushirikishwa. Wajumbe wote wanane mbali na yeye wakajiuzulu kwa pamoja. Sina haja ya kuamua kama madai yenyewe yalikuwa ya haki. Ninachoonyesha ni kwamba nchi nzima iliamka siku ile na kujua kuna jambo, kwa sababu wale watu walikuwa na majina ya kulinda nje ya posho. Wa kwetu lini mmesikia amejiuzulu? Hata kukohoa hawakohoi.

Na bodi ya ndiyo-mzee haiishii kwenye michango tu. Jacksonville, Florida, mji unamiliki shirika la umeme na maji liitwalo JEA. Mwaka 2019 viongozi wake walipigia debe lifikiriwe kuuzwa, na wakati huohuo bodi ikapitisha mpango wa bonasi ambao, shirika likiuzwa, ungewamwagia mamia ya mamilioni ya dola waliomo ndani. Bodi ilipitisha! Aliyegundua ni ofisi ya mkaguzi wa baraza la mji, watu wa kalamu na kikokotoo waliokaa wakapiga hesabu ya kile kilichoandikwa kwa lugha ya kuzungukazunguka. Uuzaji ukafa kabla ya mwaka kuisha, na 2024 mkurugenzi mtendaji wa zamani akatiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha miaka 4. Mkaguzi mmoja anayewajibika kwa baraza, si kwa mkurugenzi, ameokoa mali ya mji mzima. Sisi ripoti ya ukaguzi inatoka imechelewa, kurasa za viambatisho hazipo, na kikao cha kuijadili kinaahirishwa kwa kukosa akidi.

Najua wapo watakaokuja hapa na "binafsisha tu, yaishe". Berlin ilijaribu. Mwaka 1999 iliuza 49.9% ya shirika lake la maji, na mikataba ikawekwa siri. Bei zikapanda. Wananchi wakakusanya saini, Februari 2011 wakapiga kura ya maoni kulazimisha mikataba iwekwe hadharani, na wakashinda. Ndani yake ilikutwa faida ya wawekezaji imewekewa dhamana. Kufikia 2013 jiji lilikuwa limenunua hisa zote kurudi, kwa pesa ya walewale walipa bili. Kwa hiyo tatizo la siri na bodi ya mfukoni hulikimbii kwa kubadilisha mwenye hisa. Linahama nawe.

Na wapo wa upande wa pili: "ondoeni wanasiasa kabisa, wekeni mtaalamu mmoja afanye kazi." Hao nawapa neno moja, Flint. Mji ule wa Michigan, Marekani, ulikuwa chini ya msimamizi wa dharura aliyeteuliwa na gavana, madiwani wamebaki mapambo. Aprili 2014 mji ukaacha kununua maji ya Detroit, chanzo kikahamishiwa mto Flint ili kubana matumizi, na dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe na kutu haikuwekwa. Madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakaingia kwenye maji ya kunywa. Machi 2015 madiwani wakapiga kura 7 kwa 1 warudi kwenye maji ya Detroit. Msimamizi akakataa, na kisheria aliweza. Kwa hiyo mimi siombi madiwani wanyang'anywe shirika. Naomba wanaotoa amri waitoe kwa maandishi, kwa majina yao, mahali tunapoweza kuisoma.

Paris ilivyorudisha maji yake mikononi mwa jiji mwaka 2010 haikuishia kubadilisha nembo. Kwenye bodi wameingia wawakilishi wa wafanyakazi na wa vyama vya watumiaji, si madiwani peke yao. Mwaka uliofuata bei ikashuka kwa 8%. Mjumbe anayelipa bili ileile unayolipa wewe hawezi kukaa kimya pesa ya mabomba ikienda kwenye jukwaa la sherehe. Au akikaa kimya, unajua nyumba yake ilipo.

Nimeacha la mwisho makusudi kwa sababu linanipandisha presha: nani halipi. Mimi nikichelewa, kijana anakuja na spana anang'oa mita. Ofisi za mji wenyewe, soko la mji, kambi, hospitali, nyumba za wakubwa, zina madeni ambayo hata kuyatamka ni utovu wa nidhamu. Hasara hiyo inarudi kwako na kwangu kwenye bei ya uniti. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, ilikuwa hivyohivyo. Mwaka 1993 mhandisi Ek Sonn Chan alipokabidhiwa mamlaka ya maji ya mji ule, 72% ya maji yalikuwa yanapotea, mengine kwa kuvuja, mengine kwa kuibwa, mengine kwa wakubwa wasiolipa. Alipokwenda kumkatia maji jenerali mmoja, akawekewa bastola kichwani. Akaondoka, akarudi na askari, akakata. Jenerali akalipa. Baadaye mamlaka ikapewa uhuru wa kusimamia pesa zake, na upotevu ukashuka hadi kama 6%, chini kuliko miji mingi ya nchi tajiri. Ukali pale ulielekezwa kwa mdaiwa mkubwa, haukuelekezwa kwa fundi mwenye tope magotini.

Kwa hiyo ninachodai hakihitaji msomi. Akaunti ya shirika itengwe na ya mji. Gawio liwe na kiwango kilichoandikwa, kinachojulikana kabla mwaka haujaanza, na nje ya hapo hakuna barua ya "toeni". Wajumbe wa bodi wawe na muda maalumu usiofutika kwa hasira za mtu, na vipindi vyao visiishe vyote kwa pamoja na vya meya. Muhtasari wa kila kikao cha bodi uwekwe wazi, pamoja na nani alipinga. Na orodha ya taasisi zinazodaiwa itolewe kwa majina, kama yanavyobandikwa majina yetu.

Kikao cha bajeti kipo njiani. Mwenye uwezo wa kupata kitabu cha bajeti cha mji wake apige picha kurasa mbili tu, ule wa mapato yanayotoka kwenye mashirika ya mji na ule wa fungu la matengenezo ya mtandao, atupie hapa tulinganishe. Na wale madiwani mnaosoma humu kwa majina ya bandia, tunajua mpo: msinijibu kuhusu sera na mikakati. Niambieni ofisi mnazofanyia vikao zinadaiwa bili ya miezi mingapi.