Kikundi cha Kwaya: mdundo wenyewe una dhambi?

*Mzee Elia:* Bwana asifiwe wapendwa. Wimbo mpya nimeusikiliza. Maneno ni Zaburi ya 103, sina neno. Mdundo ndio unanitatiza. Muziki una roho yake bwana! Daudi alipiga kinubi, hatuambiwi aliimba lolote, na roho mbaya ikamwacha Sauli (1 Sam 16:23).

*Mwl. Tumaini:* Amina Mzee. Sasa soma 18:10-11. Daudi yule yule, kinubi kile kile, Sauli akarusha mkuki. Nguvu ingekuwa kwenye nyuzi, mkuki ungebaki mkononi.

*Mama Neema:* 😂😂

*Mzee Elia:* Msicheke. Kanisa la kale si lilikataza ile sauti waliyoiita shetani?

*Mwl. Tumaini:* Hiyo imevumishwa tu Mzee. Ni ule umbali wa toni tatu, fa hadi ti. Watunzi waliukwepa kwa kuwa waimbaji wasio na ala huteleza hapo. Imbeni fa kisha ti bila kupita katikati, mtaona koo linavyotafuta pa kushika. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1562 ulikataza muziki wenye uasherati au uchafu kanisani, lakini haukutaja mtindo wowote kwa jina.

*Rehema Alto:* Na ile tuni ya Ijumaa Kuu ya kichwa kilichojaa damu? Hans Leo Hassler aliichapisha 1601 kwa wimbo wa mapenzi 🙈

*Mzee Elia:* Miaka 400 imeisafisha, binti yangu. Aliyeacha disko juzi akisikia mdundo ule ule, miguu inakumbuka kabla ya akili. Paulo alisema yuko tayari kuacha nyama iliyotolewa kwa sanamu asimkwaze ndugu (1 Kor 8:13).

*Mwl. Tumaini:* Hapo umenishika Mzee. Ila nyama yenyewe haikuwa na kosa, shida ilikuwa dhamiri ya mlaji. Kwa hiyo tuulize nani yumo kwenye ibada, tusitunge sheria ya ngoma.

*Yohana Mitambo:* Naomba niingie. Nusu ya malalamiko ya "mtindo" ni mikisa mbovu, yaani sauti zimechanganywa vibaya kwenye mitambo. Maneno hueleweka kwa konsonanti, nyingi ziko hezi (kipimo cha wembamba au unene wa sauti) 2,000 hadi 4,000. Gitaa na kinanda vikijazana hapo, "Bwana" inasikika "aa-aa". Punguzeni vyombo hivyo desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 eneo hilo, na maiki za waimbaji zikatwe chini ya hezi 100. Jumla isipite desibeli 90. Ikifika 100, mwongozo wa NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, unaruhusu dakika 15 tu kwa siku.

*Mama Neema:* Na ufunguo jamani, yaani kimo tunachoimbia! Rekodi iko A, noti ya juu F#. Washarika watanyamaza, halafu tuseme wameguswa. Shusheni hadi F, ya juu iwe D.

*Mzee Elia:* Basi mazoezini tuanze bila ala. Nikisikia kila neno, ngoma irudi. Ila lile dramu kubwa lisinipige kifuani.

*Yohana Mitambo:* Nitalishusha Mzee. Na wewe usikae mbele ya spika 🙏