Tupeane uzoefu: ndugu yako wa damu alikufanyia nini ambacho hakuna mwingine angekifanya?

Kitinda Mimba
Wakuu salaam. Juzi nilikuwa msibani Magomeni. Mzee mmoja, umri umemtupa mkono, amefiwa na dada yake wa mwisho kati ya wote waliozaliwa pamoja. Watu wanampa pole, yeye anajibu jambo moja tu: "Sasa nyumba yetu ya Kilosa naikumbuka peke yangu." Ana watoto, wajukuu, majirani tele, lakini hakuna hata mmoja aliyeishi ndani ya nyumba ile. Tangu siku hiyo sina raha. Nimewapigia kaka zangu wote. Tuelezane, wewe na nduguyo mko vipi?

Dada wa Tanga
Umenigusa. Mimi na kaka tuna mluzi wetu tangu utotoni. Hata leo, sokoni kwenye kelele zote, akiupiga nageuka.

Shija
Kwa wasiojua, kwetu Usukumani mapacha ni Kulwa na Doto, anayewafuata ni Shija. Ndiyo mimi. Jina langu lenyewe limetoka kwao, wao wamefika kwanza. Nilipokuwa mdogo walikuwa na maneno yao ambayo hata mama hayaelewi. Mmoja akianza sentensi, mwingine anaimaliza, mimi nabaki nawatazama. Nililia sana. Siku moja shuleni kijana alinipiga. Kulwa yuko darasani, Doto yuko kisimani, hakuna aliyemwita mwenzake, wakatokea pande mbili kwa wakati mmoja. Yule kijana mpaka leo ananisalimia kwa heshima. Pale ndipo nilipojua kwamba na mimi nimo ndani ya ule upacha.

Mkulima wa Ifakara
Hao mapacha wako watafutiwe kazi polisi.

Bin Unguja
Mnataka habari ya ndugu? Someni maisha ya Sayyida Salme, binti wa mfalme wa Zanzibar. Baba yao, Sultani Said, alifariki 1856 na kuacha watoto wengi wa mama mbalimbali. Majid akakalia kiti, Barghash akakitaka. Salme alikuwa akiishi vizuri na Majid, lakini dada yake Khole alikuwa upande wa Barghash, naye Salme akampenda Khole kuliko kitu chochote. Mwaka 1859, binti wa miaka 15, na kwa kuwa alijua kuandika, akawa ndiye mwandishi wa barua za njama ya kumpindua Majid. Njama ikavunjika, Barghash akapelekwa Bombay. Majid akamsamehe Salme. Na kusamehewa huko ndiko kulikomtenga na wenzake wa njama, Khole mwenyewe akiwemo! Baadaye akamfuata Mjerumani, akaolewa 1867 na kuhamia Hamburg, mume akafa 1870. Mwaka 1885 alirudi Zanzibar na meli za kivita za Wajerumani. Barghash sasa ndiye Sultani. Yule kaka aliyeandikiwa barua usiku na mdogo wake akakataa hata kumuona. Kila nikipita Forodhani nawaza: ni mwendo mfupi tu kutoka gatini hadi mlangoni kwa kaka.

Msema Kweli
Hao si mfano mzuri. Baba mmoja, mama mbalimbali. Undugu wa kweli ni tumbo moja, basi.

Mama Mapacha
Msema Kweli ulichosema ni kibaya. Mimi nimelelewa na dada wa mama mwingine. Aliniogesha, alinisuka, ada yangu ya kidato cha kwanza aliilipa kwa kuuza vitumbua. Wa tumbo langu walikuwa wananitazama. Usirudie hayo mbele za watu.

Msema Kweli
Nimesema kwa ujumla. Mbona hata Yusuf ndugu wa baba mmoja walimtupa kisimani, na aliyemkumbatia kwanza walipokutana ni Benyamini wa mama yake?

Mama Mapacha
Na aliyewazuia wasimuue nani? Soma vizuri. Alikuwa wa mama mwingine.

Wa Tatu Kuzaliwa
Nilikuwa nasoma kimya, lakini nyumba ya Kilosa imenishinda. Ngoja niseme.

Tuko wanne. Kaka mkubwa figo zilikufa. Mara tatu kwa wiki anaunganishwa mashine, kwa muda wa saa nne kila anapokaa, akirudi hawezi kushika kijiko. Tangu 2017 Muhimbili wanapandikiza, zamani ilikuwa ni India tu, kwa hiyo tukaona kuna njia. Shida ni mtu wa kutoa. Daktari alituambia ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne kulingana kabisa tishu na mgonjwa. Mimi nikakutwa na presha, nikatolewa. Dada alikuwa mjamzito. Akabaki kaka wa pili.

Sasa huyo na mkubwa walikuwa hawasemezani. Shamba la marehemu baba, kule Mvomero. Kwenye harusi ya dada walikaa pembe mbili za ukumbi. Mama hakuwa na namna, akaitisha kikao. Mgonjwa amelala kwenye kochi, uso umevimba, hataki kuomba. Mama analia. Kaka wa pili ameinama anatazama viatu vyake. Kimya kile sikitamani tena maishani. Nilishaanza kuhesabu kichwani gharama za jeneza, Mungu anisamehe, hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Akanyanyua kichwa akasema: "Figo nitampa. Shamba simpi."

Hakuna aliyecheka. Mgonjwa naye, kwa sauti ya kukoroma: "Shamba nitalidai nikipona."

Alipima, wakalingana. Kabla ya upasuaji daktari alimwita peke yake kumuuliza kama amelazimishwa au amelipwa. Akajibu, "Huyu nikimwacha afe nitagombana na nani?"

Dada wa Tanga
Nalia hapa kazini.

Shija
Jamani.

Mkulima wa Ifakara
Mkuu, hilo shamba ni ekari ngapi?

Bin Unguja
Barghash angekuwa na moyo huo!

Mwanasheria Mtaani
Pole kwa yote, ila nawashauri: mirathi ifunguliwe mahakamani mapema, msimamizi ateuliwe, kila mtu apate hati yake. Upendo bila karatasi unaishia barazani.

Mama Mapacha
Mimi napinga. Kwetu karatasi ndizo zilizotugombanisha. Kabla yake tulilima pamoja, tukala pamoja.

Msema Kweli
Asipewe. Figo ametoa, shamba ni lake, imekwisha.

Mkulima wa Ifakara
Agawe nusu. Figo nayo alitoa moja akabaki na moja.

Kitinda Mimba
Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nyie wengine kaeni mbali na shamba hilo. Mkuu, mwisho ikawaje?

Wa Tatu Kuzaliwa
Mkubwa ni mzima, anameza dawa zake kila siku, za kuzuia mwili usiikatae figo, na atazimeza maisha yote. Wa pili anampigia simu asubuhi: "Umemeza? Umekunywa maji?" Anakata. Hamna salamu ndefu.

Kesi bado ipo baraza la ardhi, imeahirishwa tena. Mwezi uliopita walikwenda kusikilizwa kwa gari moja, kwa sababu wa pili hataki mwenzake asongamane na watu kwenye basi akaokota maambukizi. Mwenyekiti akauliza wadai na wadaiwa wamefika? Wakasimama wote wawili kwenye benchi moja, wakiwa wamebeba chupa moja ya maji.

Mwanasheria Mtaani
Waambie waombe usuluhishi, bado wana nafasi. Nje ya baraza wanaweza kuelewana kwa siku moja.

Wa Tatu Kuzaliwa
Niliwaambia. Wamenifukuza wote wawili.

Shija
Nimekuelewa kabisa mkuu. Kulwa na Doto nao ndivyo walivyo.