Sanduku la kidumbak nalipata wapi siku hizi? Na mkono utarudi?

Mpiga Sanduku (Ng'ambo, Unguja)
Assalaam alaykum jamani. Zamani tulikuwa na kidumbak chetu, kikundi cha taarab ndogo ya harusini, watu wa mtaa mmoja: fidla, vidumbak (ngoma ndogo), cherewa za kutikisa, mkwasa wa kugonga, mwimbaji, na miye kwenye sanduku, yaani besi. Mwaka 1997 mmoja akaenda Dubai, mwengine akarudi kwao Pemba, kikafa hivyo hivyo bila ya ugomvi. Sasa mwimbaji wetu anaoza binti yake Mfunguo Mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani. Nilidhani bibi harusi atataka kinanda na maspika. Kasema anataka kidumbak cha baba yake, basi. Tumekubali wote, na wote tumeshapita hamsini. Ramadhani ikiingia tunanyamaza, kwa hivyo tuna wiki tano tu.

Sanduku langu lilikuwa la chai, lile la plaiwudi lenye kingo za bati. Liliishia kufugiwa kuku. Seremala kanitengenezea jipya zuri mno, mbao nene, kalipaka na vanishi. Ukilipiga ni kama mtu anabisha hodi. Nyinyi mnatumia nini?

La pili naona haya kuliuliza. Nimefanya kazi bandarini miaka 26 na sijaota bandari hata siku moja. Naota tunavyogeuza wimbo. Mnajua kidumbak hakisimami, wimbo unaingia ndani ya wimbo saa nzima. Mwenye fidla akiinua kidevu, sote tunajua tunakwenda wapi. Ndicho hicho tu, kidevu. Kuna mwenzangu mwenye maradhi haya?

Fundi wa Kikwajuni
Yakhe, seremala kakufanyia kabati! Tafuta plaiwudi nyembamba, milimita 4 hivi, isipakwe kitu. Toboa katikati ya kitako, upitishe mshipi wa kuvulia, na kwa ndani uufunge kwenye kipande cha bati ili fundo lisipasue mbao. Mdomo uwe chini, lakini upande mmoja uinue kidogo sauti ipate pa kutokea. Ncha ya juu ya mshipi ifunge kwenye gongo. Ukilivuta gongo sauti inapanda, ukililegeza inashuka. Mkono hausahau hayo. Kidole ndicho kilichosahau, kitachubuka siku tatu. Kifunge plasta.

Kijana wa Kinanda
Mzee wangu, kodi kinanda. Mtu mmoja anapiga besi, ngoma, fidla na kila kitu, nyinyi mnakaa mnakula biriani.

Bi Mwitikiaji
Mwanangu wa hapo juu, na huyo mtu mmoja akikosea anamtazama nani?

Mpiga Sanduku, maradhi hayo ninayo. Miye ni mwitikiaji wa taarab, mwaka wa thelathini na kitu sasa. Vikundi vyetu vya taarab, Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na si mishahara iliyowaweka watu humo. Anayetunzwa ni mwimbaji, noti zinamwendea yeye. Sisi wa nyuma hata maji tunakuja nayo wenyewe. Lakini pale kabla ya kuitika, tunapovuta pumzi wanawake kumi kwa pamoja, naisikia ya mwenzangu sikioni. Nyumbani nina wajukuu na kelele tele, na hicho sikipati.

Wa Wete
Huku kwetu Pemba babangu alikuwa mchezaji wa ngoma ya msewe. Miguu haimbebi tena, na misewe yake ya kufunga miguuni imetundikwa nyuma ya mlango. Ukiufunga mlango kwa nguvu inalia, naye anauliza, "Nani huyo kachelewa kuingia?"

Mpiga Sanduku (Ng'ambo, Unguja)
Ahsanteni. Darajani nimepata kasha la plaiwudi, kitako chembamba kama ulivyosema fundi, na linaunguruma. La seremala limekuwa meza ya TV.

Jana tumefanya mazoezi uani kwangu. Tuliwasha makuti, vidumbak vikaota moto mpaka ngozi ikakaza. Tukaanza na wimbo wetu wenyewe, tulioutunga barazani kumpiga fumbo jirani aliyeazima sufuria ya pilau asiirudishe:

*Sufuria ni ya kwetu, kwenu imekuwa yenu,*
*Tukija kwa haki yetu, mwafunga mlango wenu.*

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi. Mwimbaji anasema mstari wa mlango ni wake. Wa cherewa anaapa aliutunga yeye, siku ya mvua, akifunga viatu. Miye nilikuwa na hakika ni wangu, na mpaka leo ninayo.

Kidevu kilipoinuliwa, nusu yetu tuligeuka na nusu wakabaki kwenye sufuria. Mwenye fidla alicheka mpaka akaiweka fidla chini. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko, akatuitikia ule ubeti kuanzia mwanzo, maneno yote. Kumbe alikuwa akitusikiliza dirishani kwao, kabla sijamposa.

Kidole kimechubuka. Tunakutana tena Jumapili baada ya Isha.