Amekikata kichaka changu cha ufagio mpaka kwenye kisiki, kisha anasema kitachipua!

Wanajukwaa, ninaandika mikono ikiwa bado inanitetemeka. Jina lake silitaji kwa sababu hakuna haja: kila mwenye bustani kwenye baridi kali anamjua yule bwana anayepogoa kila mmea kwa mtindo mmoja, ambaye akiachiwa msitu asubuhi, jioni utakuta uwanja wa mpira.

Kichaka changu, Cytisus scoparius kilichokwisha kustahimili baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, kilikuwa kimesimama kwenye theluji na vijiti vyake vya kijani, vile vile ambavyo vingebeba maua ya njano majira ya kuchipua. Amekikata chini kabisa, kwenye mti wa kahawia, akafuta mkasi kwenye suruali na kuniambia, "Kitachipua tu." Kitachipulia wapi? Mti mkongwe wa kichaka hiki hauna macho ya kuchipulia! Hupogolewa maua yakiisha, tena matawi ya kijani pekee. Nilimweleza hayo yote, naye akakitazama kisiki, akarudia taratibu kama anayembembeleza mtoto: "Kitachipua tu." Nimetoka kukiangalia tena sasa hivi. Ni kisiki kitupu, na kando yake rundo la vijiti vibichi. Kitachipua tu!

MzeeWaTheluji: Pole sana, ndugu yangu. Changu alikihamisha kikiwa kimekomaa, ilhali mimea hii haivumilii kabisa kusumbuliwa mizizi. Kilikauka chote, naye akadai kimelala.

BintiBustani: Kelele zote hizi kwa kisiki kimoja? Vichaka hivi havina umri mrefu, vingi haviishi zaidi ya miaka 10 au 15. Panda Genista lydia, ndugu wa karibu wa kichaka chako, utulie.

Mwanzisha uzi: Kilikuwa bado kichanga, dada! Na alisema kitachipua!

UdongoMfinyanzi: Hiyo Genista lydia mnayoisifu iliniozea. Haikuuawa na baridi bali na maji yaliyotuama mizizini majira yote ya baridi, baada ya bwana huyo huyo kunishindilia samadi kwenye udongo mzito. Mmea wa jamii ya kunde, unaojipatia naitrojeni kwa mizizi yake, unaotaka jua na mchanga usio na rutuba nyingi, unaupa samadi ya nini?

BintiBustani: Nawe ukamtazama tu akiimwaga?

MzeeWaTheluji: Kwa upande wa pili, kule New Zealand na magharibi mwa Marekani Cytisus scoparius ni gugu vamizi, na kilio chao ni kwamba haufi.

BintiBustani: Kwa mbegu zile, mmea huo utakufaje? Ganda lake ni gumu, nazo hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri. Zangu nilizikwaruza kwa msasa, nikaziloweka usiku kucha, ndipo zikaota.

MzeeWaTheluji: Msasa wa aina gani, dada?

UdongoMfinyanzi: Habari za mbegu zifungulieni uzi wake. Swali langu la samadi halijajibiwa.