Pektoralisi mainori inatulizaje kombe la bega?

Kidole_Juu
Wakuu, naombeni msaada. Notsi zetu zinasema pektoralisi mainori, ule msuli mdogo wa kifua, "hutuliza kombe la bega". Mstari unaofuata zinasema hulivuta mbele na chini. Sasa msuli unaovuta unatulizaje? Kwamba unaanzia ubavu wa 3 hadi wa 5 na kupanda hadi korakoidi, kinundu cha mbele cha kombe, nimeshakariri. Kuelewa ndiyo bado, na mtihani wa mdomo unakaribia.

Fundi_Viungo
Msuli uache kwanza, anza na kombe. Limeungana na mifupa ya kiwiliwili kupitia mtulinga tu; kwingine kote linaelea juu ya mbavu, misuli ikilivuta huku na huku kama kamba za hema. Kutulia kwake ni kule kuvutana.

Keti, weka viganja pembeni mwa kiti, bonyeza ujiinue. Uzito wa mwili unataka mabega yafike masikioni. Mainori ni mmoja wa wanaokataa: inashusha korakoidi na kulibana kombe kwenye ukuta wa kifua.

Sasa sukuma mlango. Hapo inashirikiana na serato ya mbele, msuli wa ubavuni unaolishika kombe. Zote mbili huvuta kombe mbele, ila serato hugeuza tundu la bega (kile kikombe cha kombe kinachopokea mfupa wa mkono) litazame juu, mainori hulielekeza chini. Mizunguko inafutana, kombe linateleza mbele bila kupinduka. Mtahini mpe hilo, mengine mbwembwe.

Meza_ya_Tatu
Upapase kabisa. Mkono wa kushoto upeleke nyuma, mgongo wa kiganja ukiegemea kiunoni. Kwa kidole cha kulia tafuta korakoidi, kile kinundu kigumu chini kidogo ya ncha ya nje ya mtulinga, halafu telezesha kidole chini kuelekea kifuani. Inua mkono uachane na kiuno. Kinachokakamaa ndicho chenyewe. Pektoralisi kubwa iliyo juu yake wakati huo imelegea. Usikandamize sana, maana nyuma yake zinapita neva za mkono pamoja na ateri ya kwapa. Wanapenda kuuliza hapo: msuli huu ndio alama ya kuigawa ateri hiyo sehemu 3, ya 2 ikiwa nyuma yake.

Kidole_Juu
Aisee, nimeupata! Kwa hiyo kombe likichomoza mgongoni kama bawa, ni huu umelegea?

Fundi_Viungo
Hapana bwana, usije ukasema hivyo mbele ya mtahini. Bawa ni kesi ya serato, mara nyingi neva ndefu ya kifua inayouendesha (mizizi ya neva za shingo, C5 hadi C7) imeumia. Tatizo ninalokutana nalo kwenye mainori ni kufupika. Kombe linainamia mbele, na mtu akiinua mkono halirudi nyuma inavyotakiwa, nafasi iliyo juu ya kichwa cha mfupa wa mkono inabana. Vijana wa kunyanyua vyuma wakiwa wamelala chali, kifua tu kila siku, mgongo hawaugusi, nawaona sana.