Kiwango cha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni konstanti kweli, yaani thamani isiyobadilika? Thamani za pamoja mnaziweka wapi?

Wadau, tangu asubuhi nabishana na mwenzangu wa ofisini na hakuna aliyekubali kushindwa. Yeye anasema thamani zote zinazotumika kila mahali kwenye mfumo zikae kwenye faili moja la konstanti, seva na kivinjari vyote visome humo, basi. Mimi nasema faili hilo ndilo lililotuponza.

Mnakumbuka 2020? Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili 1. Tulikuwa na mfumo wa duka la mteja fulani. Tukabadilisha upande wa seva, tukaenda kulala. Kumbe kwenye ukurasa wa kikapu kulikuwa na 0.16 iliyopachikwa kwa mkono. Mnunuzi wa bidhaa ya shilingi 1,000 akalipa 1,160, risiti ikatoka 1,140. Akapiga simu kuuliza ishirini yake iko wapi.

Baada ya hapo tukahamishia kiwango kwenye faili moja, na lilitusaidia, sikatai. Januari 1, 2021 kodi (ya serikali, si ile tunayoandika sisi) ikarudi 16, tukagusa mstari mmoja tu. Wiki ya pili mhasibu akachapisha upya risiti ya Desemba: 1,160! Mfumo ulikuwa unapiga hesabu upya kila risiti ikifunguliwa, na faili halijui habari za jana.

Ndiyo maana nasema kitu kinachoweza kubadilishwa na Bunge au Waziri si konstanti. Kiende kwenye jedwali la hifadhidata: kiwango, kuanzia lini, hadi lini. Risiti ihifadhi kiwango chake siku inapotolewa, na kivinjari kiulize seva. Mstari wa Januari unauingiza hata Desemba, tarehe ikifika unashika kazi wenyewe. Faili libaki na vitu kama dakika 60 za saa na majina ya hali za oda. Nywila ziende kwenye .env (faili la mipangilio ya siri), nje ya Git, ile zana inayotunza historia ya mabadiliko ya faili. Hilo sidhani kama lina ubishi.

Ila mwenzangu kanibana mahali pamoja. Faili likibadilishwa, Git inaonyesha nani kabadilisha na lini, na kuna mtu anakagua kabla halijapanda. Kwenye jedwali, mtu anaandika 1.6 badala ya 0.16 saa nne usiku na hakuna aliyeona.

Mnaoendesha mifumo ya malipo, hilo mnalizuiaje?